USO WA MHARIRI

Katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri mjini Washington, Marekani, imo picha ya rangi za mafuta ya kijana mweusi aliyevaa koti jeusi na shati jeupe. Hacheki. Anakutazama kama mtu anayengoja jibu. Aliyeichora hajulikani, lakini ilichorwa katika miaka ya 1840, na kijana huyo ni Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mhariri wa gazeti na mwanasiasa mkubwa wa watu wake.

Twaomba wasomaji wakumbuke jambo moja. Siku ilipochorwa picha hiyo, kwa sheria ya nchi ile Douglass alikuwa mali ya mtu. Alizaliwa utumwani Maryland mwaka 1818, akatoroka mwaka 1838, na uhuru wake haukununuliwa mpaka mwaka 1846, kwa pauni 150 zilizochangwa na rafiki zake wa Uingereza. Basi hiyo ni mali iliyovaa tai! Zama zile mwenye kuchorwa alikuwa bwana, na mtumwa akionekana pichani, mara nyingi alisimama nyuma ameshika sinia.

Wako wanachama watakaouliza: kazi za chama ni nyingi, picha yafaa nini? Douglass mwenyewe aliwajibu zamani. Tarehe 3 Desemba 1847 alitoa toleo la kwanza la gazeti lake, North Star, mjini Rochester. Na mwezi wa Aprili 1849 akatumia nafasi ya gazeti hilo, ambalo kila ukurasa wake ulipatikana kwa taabu, kuandika juu ya picha. Alisema kuwa wachoraji wazungu hawawezi kumchora mtu mweusi kwa haki, kwani wamekwisha kukata shauri kabla ya kushika brashi jinsi anavyopaswa kuonekana, wakazidisha kila kitu usoni mwake.

Lakini neno lililotugusa zaidi ni jingine. Katika makala hiyo hiyo alilalamikia picha yake iliyotiwa katika kitabu cha Wilson Armistead, Mwingereza aliyepinga utumwa, kitabu cha kuwasifu watu weusi. Humo alipewa uso wa upole na wema mwingi ambao, alisema kwa kejeli, watu hawautazamii kwa mtumwa mtoro. Tazameni basi! Adui alimchora wa kutisha, rafiki akamchora wa kupendeza, na hakuna aliyemwuliza mwenye uso.

Rafiki wa namna hiyo ndio waliomzuia pia asianzishe gazeti. William Lloyd Garrison wa Boston, mhariri mzungu aliyemsaidia kupanda jukwaani, alimtaka aendelee kuhutubia tu. Douglass hakusikia. Gazeti lilimgharimu kiasi cha dola 80 kwa juma, akaiweka nyumba yake rehani, na watoto wake wakafanya kazi ya kupanga herufi. Mwaka 1851 akaliunganisha na gazeti la chama cha Liberty na kuingia wazi wazi katika siasa za kura, ambazo Garrison alizikataa kabisa. Urafiki ukavunjika. Vyeo vilikuja baadaye sana. Mwaka 1889 aliteuliwa kuwa balozi wa nchi yake huko Haiti.

Juu ya wachoraji twathubutu kutofautiana naye kidogo. Picha ile ya Washington haikumzidishia kitu wala haikumtia tabasamu, kwa hiyo mkono mmoja angalau ulimwona alivyo. Bali yeye hakukaa kungoja mkono wa bahati. Aligeukia kamera, na leo zajulikana picha zake zipatazo 160, nyingi kuliko za Mmarekani ye yote wa karne ile, na karibu zote hacheki. Katika hotuba zake alifurahi kwamba hata mtumishi wa nyumbani sasa aweza kuwa na picha yake, kitu ambacho miaka hamsini nyuma mali ya wafalme isingekinunua.

Ndugu makatibu wa matawi, mnatuletea picha za mikutano zenye nyuso nyingi, na nyuma ya picha mmeandika "wanachama" basi. Tangu toleo lijalo tutapiga chapa zile tu ambazo wenye nyuso wameulizwa, na majina yao yameandikwa kamili, akina mama waliokaa chini mbele pia.