Kufundisha Kiswahili Ng'ambo: Matayarisho Huanzia Nyumbani

Walimu vijana wengi wa Afrika ya Mashariki hutamani kwenda kufundisha ng'ambo. Tamaa hiyo si mbaya, maana mwalimu aliyeona darasa la nchi nyingine hurudi na mengi ya kuwafaa watoto wa kwao. Lakini wako wanaodhani kwamba mtu aliyekisema Kiswahili tangu utoto aweza kukifundisha po pote. Hilo si kweli. Kusema lugha ni jambo moja, na kumfundisha mgeni asiyejua hata neno moja ni jambo jingine kabisa.

Kiswahili kinasomwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, kama vile Yale, Indiana na Wisconsin-Madison. Kwa miaka mingi njia moja iliyofuatwa na walimu wa Kenya na Tanzania imekuwa mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Fulbright ilianzishwa mwaka 1946, nayo ina jina la seneta J. William Fulbright wa jimbo la Arkansas. Msaidizi hukaa huko mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi. Hufundisha lugha yake, na yeye mwenyewe huwa mwanafunzi katika masomo machache ya chuo, ingawa harudi na shahada. Hulipiwa nauli na bima ya matibabu, na hupewa posho ya kila mwezi.

Anayetaka kuomba hana budi awe na shahada ya kwanza, na hasa wanaotafutwa ni walimu wa lugha. Hupimwa Kiingereza chake kwa mtihani kama vile TOEFL. Yampasa kuandika kwa maneno yake mwenyewe sababu za kutaka kwenda, na kuleta barua za watu wanaoijua kazi yake. Masharti mengine hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo la kufuata ni tangazo la ubalozi wa Marekani la mwaka ule ule, wala si maneno ya barazani.

Mwalimu wa Kenya aliyeajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, asiondoke kabla ya kupewa ruhusa kwa maandishi. Kuiacha kazi bila ruhusa ni kosa la nidhamu, na laweza kumfanya mwalimu afutwe katika orodha ya walimu. Miezi tisa si mingi. Itakuwa hasara kubwa mtu akirudi na kukuta kwamba kazi aliyoisomea miaka mingi imempotea.

Katika jambo la fedha, wazazi nao yafaa wasikilize. Mpango huu hauhitaji wakala, wala fomu yake hainunuliwi. Mtu akija nyumbani na kusema kwamba nafasi ya Fulbright yapatikana kwa shilingi laki mbili, mzee asiuze ng'ombe wala asiweke shamba rehani, kwa maana huyo ni mwongo. Na kwa kazi nyingine za ng'ambo zinazopitia kwa mawakala, iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kazi yake mojawapo ni kuwaandikisha mawakala hao. Jina la wakala lichunguzwe kwanza huko, kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

Baada ya hati na fedha, yabaki matayarisho makubwa kuliko yote, nayo ni kuijua lugha yenyewe. Mwanafunzi wa Kimarekani aliyekwisha jifunza kusema "mtoto wangu" atauliza kwa nini husemwa "rafiki yangu" wala si "rafiki wangu", na hali husemwa "rafiki mwema amefika". Mwalimu asiyejitayarisha hujibu, "Ndivyo tunavyosema." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwezeshi mwanafunzi kutunga sentensi ya pili. Aliyejitayarisha atamweleza kwamba jina "rafiki" kwa umbo lake limo katika ngeli moja na nyumba na nguo. Lakini kwa kuwa humtaja mtu, sifa na vitenzi vyake hufuata ngeli ya watu. Katika kumiliki tu, majina mengi ya jamaa na marafiki hushika desturi ya umbo lao: baba yangu, dada yako, rafiki zangu. Mwanafunzi akielezwa hivyo aweza kuendelea peke yake.

Ndivyo ilivyo pia katika saa. Mgeni hushangaa kusikia saa mbili asubuhi inapoandikwa 8, mpaka aelezwe kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu mapambazuko. Tena mwalimu aliyezoea Kiswahili cha mitaa ya Nairobi aangalie sana asichukue "kitabu yangu" na "hizo watu" mpaka darasani, kwa sababu wanafunzi watayakariri makosa hayo kwa bidii ile ile ya kukariri mambo ya kweli. Awe na sarufi nzuri na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, na azitumie kila siku. Akitaka kujipima, amtafute mgeni mmoja aliye karibu naye, amfundishe kwa wiki nne bila kumtafsiria kila neno. Maswali ya mgeni huyo yatamwonyesha asiyoyajua.

Desturi za darasa nazo zina tofauti. Huko mwanafunzi humuuliza mwalimu na hata kumbishia mbele ya wenzake, wala haihesabiwi kuwa ni utovu wa adabu. Mwisho wa muhula wanafunzi huandika maoni yao juu ya mwalimu, bila kutia majina yao. Katika shule nyingi za Kenya alama hubandikwa ukutani pamoja na majina, ili kila apitaye asome. Marekani jambo hilo limekatazwa na sheria ya mwaka 1974, nayo huwahusu hata wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwalimu mgeni asiyejua haya aweza kukosa kwa nia njema kabisa.

La mwisho ni kurudi. Walimu wa mpango huu huingia Marekani kwa viza ya J-1, na sharti lake ni kwamba mtu arudi kwao na kukaa jumla ya miaka miwili kabla ya kukubaliwa ukaaji wa kudumu huko au viza fulani za kazi. Basi mwenye nia ya kuhama asiichague njia hii, na jamaa zake wasihesabu mshahara wa ng'ambo wa miaka mingi. Wahesabu mwalimu atakayerudi akiwa na ujuzi zaidi katika darasa lake.

Kwa hiyo anayetamani safari hii aanze mwaka mzima kabla ya kuomba. Mwezi huu atafute pasipoti na hati za masomo yake. Miezi ifuatayo asome sarufi, na amfundishe mgeni wake jioni baada ya kazi. Hata asipochaguliwa, watoto wa shule yake watakuwa wamepata mwalimu bora. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.