Viboko, samaki na barua ya kwenda Kinshasa

Aprili 2025 mto Ishasha ulishusha mizoga ya viboko hadi Ziwa Edouard. Wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga walihesabu viboko wasiopungua 50 waliokufa, pamoja na nyati kadhaa, na vipimo vikaonyesha kimeta. Hifadhi hiyohiyo ilikuwa ikikadiria kwamba viboko wake wote ni kama 1,200, maana yake kwa muda mfupi alipotea karibu mmoja katika kila 25. Picha za mizoga inayoelea zilizunguka kwenye simu kwa siku chache, kisha likaja jambo lingine na watu wakanyamaza. Toleo hili tumeliweka kwa ajili ya ziwa, na mhariri ana neno moja la kusema: sisi tunaoishi karibu na ziwa hili na kula samaki wake, kuanzia Kasindi hadi Beni na Butembo, tuwaandikie wabunge wa taifa, kila mmoja kwa jina lake, tukiwataka wawatetee viboko na samaki kama jambo moja. Hadi leo barua za namna hiyo zimeandikwa na watu wa mbali zaidi kuliko sisi.

Anayeona viboko 1,200 ni wengi na aangalie hesabu ilikotoka. Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, na hapakujulikana mahali pengine duniani penye kundi kubwa kuliko hilo. Kisha zikaja silaha. Wanajeshi wasiolipwa, wanamgambo, wakimbizi wenye njaa na wafanyabiashara wa meno, kila mmoja alichukua sehemu yake, na kufikia mwaka 2005 viboko waliobaki hawakufika 1,000. Oktoba 2006 wapiganaji wa Mai-Mai waliua mamia kwa majuma machache tu. Kiboko jike hubeba mimba kwa miezi minane hivi, huzaa mtoto mmoja, na mara nyingi hupita miaka miwili kabla hajazaa tena. Mnyama wa namna hiyo hawezi kurudi haraka kama anavyouawa. Tangu amani kidogo ilipoanza kupatikana idadi yake imekuwa ikipanda kwa taabu, na ugonjwa mmoja wa Aprili umekula kazi ya miaka.

Mama anayenunua tilapia sokoni Butembo atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kupitia tumbo la kiboko. Jua likizama kiboko hutoka majini na kupanda ukingo kwa njia ileile ya kila siku, iliyokanyagwa mpaka ikawa kama mfereji. Usiku mmoja hula majani yanayofikia kilo 40. Kabla ya kupambazuka amerudi majini, na humo ndimo anamoacha mavi, akiyatawanya kwa mkia unaopiga kushoto na kulia. Hivyo rutuba ya nchi kavu huingia ziwani kila usiku bila malipo. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huipokea, na tilapia hula mimea hiyo. Watafiti waliochunguza mto Mara wa Kenya na Tanzania walionyesha mwaka 2019 kwamba viboko huhamisha kutoka kwenye majani hata madini ya silika, ambayo aina fulani ya mimea hiyo midogo haiwezi kuishi bila hayo, na kwamba faida yake yaweza kufika mbali, hadi Ziwa Victoria. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge walikwisha kusema kwa maneno yao kwamba viboko walipopungua na samaki walipungua. Wenye elimu ya maji wanakubali kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Lakini tusidanganyane, maana barua yenye chumvi nyingi hutupwa. Katika mto Mara huohuo ilionekana, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, kwamba mavi ya viboko yakirundikana kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, kisha mvua ikayasukuma kwa ghafla, hewa ya majini hupungua na samaki hufa. Mtu anayepinga hoja yetu anaweza kuushika ushahidi huo. Jibu liko kwenye ukubwa wa maji na idadi ya wanyama. Ziwa Edouard lina zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na viboko waliobaki ni sehemu ndogo sana ya wale waliokuwapo wakati lilipokuwa likitoa samaki kwa wingi. Hatari yetu ya leo ni upungufu. Na kuna ukweli wa pili usiopendeza: kiboko siye sababu pekee ya nyavu kutoka tupu. Mitumbwi imezidi, nyavu za matundu madogo zinauzwa hadharani, watu wanavua kwenye mazalio ya samaki, na zaidi ya bandari tatu zilizokubaliwa kisheria, yaani Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, vimeota vijiji vya uvuvi kando yote ya magharibi. Samaki mchanga anayeletwa sokoni akiwa na urefu wa kiganja alipaswa kuachwa azae kwanza. Ndiyo maana tunasema viboko na samaki waandikwe katika barua moja. Anayemtetea kiboko na kunyamaza juu ya nyavu atachekwa ufukweni, na anayepiga kelele za nyavu tu atakuwa analinda samaki katika maji yanayokosa chakula.

Je, barua zinafanya kazi? Tuangalie mnyama ambaye hapendwi kuliko kiboko. Papa anaogopwa na watu wengi, na wengi hawajawahi kumwona. Hata hivyo raia wa Ulaya waliochoshwa na biashara ya mapezi yake, ambamo papa hukatwa mapezi na pengine kutupwa baharini angali hai, walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja na kuzipeleka mbele ya Tume ya Ulaya mwaka 2023. Kwa sheria yao Tume ililazimika kuwajibu rasmi. Marekani ilipiga marufuku biashara ya mapezi hayo kwa sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2022, baada ya miaka mingi ya watu kuwasumbua wajumbe wa bunge lao. Papa hukomaa kwa kuchelewa na huzaa watoto wachache, sawa na kiboko, na waliomtetea walitumia hoja hiyohiyo: mnyama wa namna hii ukimmaliza leo, wajukuu hawatamwona. Hawakungoja kwanza apendwe.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Kampuni ya SOCO ya Uingereza ilipokuja kutafuta mafuta chini ya Ziwa Edouard, na mwaka 2014 ikapima ziwa kwa mitetemo, mamia ya maelfu ya watu katika nchi nyingine walitia sahihi kuipinga. Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba itaacha, na baadaye ikaondoka. Wavuvi na watetezi wa hapa nao walisema, na baadhi yao walitishwa na kupigwa kwa ajili hiyo, hatuwezi kuwasahau. Lakini kwa hesabu ya karatasi, sauti iliyosikika kwa wakubwa ilikuwa ya London kuliko ya Kyavinyonge. Mwaka 2022 serikali iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta, na baadhi viligusa ardhi ya Virunga. Oktoba 2024 mnada ukafutwa, na sababu zilizotajwa zilikuwa maombi machache na yenye kasoro. Kilichofutwa kwa kukosa wanunuzi kinaweza kurudishwa wanunuzi wakipatikana. Siku hiyo ikifika, itafaa majalada ya Bunge yawe na barua zilizotoka Kasindi.

Wengi watasema mbunge hasomi barua. Inawezekana. Lakini Katiba ya mwaka 2006 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya mbunge. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu yeyote kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Ibara ya 53 inaongeza kwamba kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyalinda. Ibara ya 130 inamruhusu kila mbunge na kila seneta kuleta pendekezo la sheria, na ya 138 inampa uwezo wa kumwuliza waziri maswali kwa maandishi. Mbunge asiyeandikiwa ana kisingizio: hakuna aliyemwomba. Akiandikiwa na watu mia tatu wa Kasindi, wenye majina na sahihi, kisingizio hicho hakipo tena, na wakati wa kampeni barua hiyo itasomwa mbele yake.

Pingamizi zito zaidi ni la vita. Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Waasi wa M23 waliingia Vitshumbi Machi 2024. Kasindi yenyewe ilizika watu waliouawa kwa bomu kanisani Januari 2023. Katika hali hiyo kuandika juu ya viboko kunaweza kuonekana kama dharau kwa wafu. Sisi tunaona kinyume. Kila kundi lenye silaha lililopita kando ya ziwa limekula kutoka ziwani: kwa kodi ya mitumbwi, kwa nyama ya viboko, kwa ruhusa za uvuvi zinazouzwa porini. Ziwa lisilo na sheria inayotekelezwa ni sanduku la fedha la mwenye bunduki. Tena Bunge la Mkoa lilisimamishwa na utawala huo wa kijeshi, kwa hiyo wabunge wa taifa na maseneta ndio waliobaki kuwa wawakilishi wetu. Kuwanyamazia wao ni kubaki bila mlango wowote.

Na kuna malalamiko dhidi ya hifadhi yenyewe, ambayo hayapaswi kufunikwa. Mipaka iliyoanza kuchorwa na Wabelgiji mwaka 1925 ilichukua ardhi ambayo familia nyingi bado zinaililia. Kiboko huharibu shamba la mahindi usiku mmoja, na huua watu, wavuvi hasa. Mavuno yakikanyagwa, mara nyingi mkulima hubaki na hasara yake peke yake. Haya yote tunataka yaandikwe, tena mwanzoni. Barua inayoomba ulinzi wa viboko bila kuomba fidia kwa aliyeumizwa haijaandikwa na mtu wa hapa. Uvuvi wetu kwa miongo mingi uliendeshwa kwa dekreti ya mwaka 1937, ya ukoloni, wakati Uganda, tunayogawana nayo ziwa hilihili, ilipitisha sheria mpya ya uvuvi mwaka 2022. Mvuvi wa Kyavinyonge anapokamatwa upande wa pili wa mpaka usioonekana majini, hukutana na nchi yenye sheria ya karne hii.

Basi barua iombe mambo ambayo mbunge anaweza kuyafanya kweli. Amwulize waziri wa mazingira kwa maandishi ni viboko wangapi wamehesabiwa tangu kimeta cha Aprili 2025, mizoga ilizikwaje, na ng'ombe wa wafugaji walio jirani wamechanjwa wangapi. Amwulize waziri wa uvuvi nyavu za matundu madogo zinapita forodha gani. Watu wa Kasindi, wanaoishi mpakani, wanajua maana ya swali hilo. Adai mazalio ya samaki yawekewe alama zinazoonekana na mvuvi kutoka kwenye mtumbwi, na fidia ya mashamba iwe na fungu katika bajeti. Kikao cha bajeti hufunguliwa tarehe 15 Septemba na kile cha kwanza cha mwaka tarehe 15 Machi, kwa hiyo barua itangulie mwezi mmoja. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi za kule, na nakala ya Kiswahili isomwe ufukweni, kanisani na msikitini kabla ya sahihi, ili anayetia kidole ajue anachokitia. Isipelekwe kwa waliochaguliwa Beni na Butembo pekee: Katiba inasema mbunge anawakilisha taifa zima, na mbunge wa Muanda, ambako wavuvi wa bahari wana shida zao za nyavu na meli kubwa, anaweza kuielewa upesi kuliko tunavyodhani. Inapofikishwa ofisini, aliyeipeleka asiondoke bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa kuwa miezi mitatu ya Ibara ya 27 huhesabiwa kuanzia siku hiyo.