Bwana Harusi Kaja na Prius, Tatizo Nini?

Bwana harusi akija na Prius mnamcheka: gari ina mgongo kama kobe, haina hadhi. Nyie nyie mnataka bi harusi apakiwe limuzini ya kukodi, ndefu kama treni, isiyoweza kukunja kona hata moja kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Kioja kipi hapo?

Umbo la Prius lina sababu. Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1997 ikiwa gari ya kawaida ya buti. Mgongo ule ulikuja 2003, ili upepo uteleze na mafuta yaende kidogo. Ukikanyaga breki, mota ya umeme inarudisha nguvu kwenye betri. Kwenye foleni injini inajizima. Ndiyo maana haibridi hii imeuzwa kwa mamilioni. Pontiac Aztek ya Marekani nayo ilichekwa kwa sura, lakini sura ile haikumpunguzia mwenye gari hata lita moja. Ilipofika 2005 ikaachwa kutengenezwa.

Anayekuposa akiwa na haibridi, muulize hali ya betri, maana gari ya mtumba yenye betri iliyochoka itawala pesa. Limuzini inarudi kwa mwenyewe usiku ule ule, deni linabaki chumbani kwenu. Hiyo ni israfu, hata ikivishwa maua.

Na nyie masomo mnaowaambia wari wetu kwamba harusi bila limuzini si harusi, semeni: mnachanga shilingi ngapi?