KITABU CHA MZEE MWINYI NA AMANA YA USHAHIDI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, tangu Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotangulia mbele ya haki tarehe 29 Februari 2024 (Allah amrehemu na amsamehe), makundi mawili yamekuwa yakimzungumza humu mitandaoni. Kundi la kwanza linamsifu kama mtu asiyekosea. Kundi la pili linambebesha kila kilichoharibika nchini tangu 1985. Waulize wote wawili swali moja tu: umesoma kitabu chake? Wengi watanyamaza.

Na kitabu kipo. Kinaitwa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Kilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, nasi tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tena kimeandikwa kwa Kiswahili. Kitabu cha Mzee Mkapa kilichotoka 2019 kiliandikwa kwa Kiingereza, na aliyekikosa kwa sababu ya lugha ana udhuru. Kwa hiki cha Mzee Mwinyi, udhuru wetu ni upi?

Leo nataka tuzungumze namna Muislamu anavyotakiwa kusoma vitabu vilivyoandikwa na viongozi, na vilivyoandikwa juu yao. Nina mambo manne.

LA KWANZA: Je, inafaa mtu kuandika habari zake mwenyewe?

Wapo wanaosema huko ni kujisifu, na Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametukataza kujitakasa nafsi zetu katika Suratun Najm, aya ya 32. Maneno hayo ni ya kweli, lakini si yote. Nabii Yusuf (alayhis salaam) alimtajia mfalme sifa zake mbili, kwamba ni mlinzi na mjuzi, pale watu walipohitaji mtu wa kusimamia hazina ya nchi. Na Nabii Ibrahim (alayhis salaam) alimuomba Mola wake amjaalie kutajwa kwa ukweli na watu watakaokuja baada yake. Wanachuoni wetu wakubwa nao waliandika habari zao: Imam Ghazali alisimulia safari yake ya kuitafuta yakini, Ibn Khaldun aliandika maisha yake, Imam Suyuti kadhalika.

Kwa hiyo kuandika si tatizo. Linaloangaliwa ni nia, na ukweli wa kinachoandikwa. Nia tumuachie Allah, sisi hatukupasua kifua cha mtu. Ukweli ndio tuliopewa akili ya kuupima.

LA PILI: Kitabu cha kiongozi ni ushahidi wa upande mmoja.

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alipomtuma Sayyidna Ali (radhiyallaahu anhu) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimfundisha kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili. Kanuni hiyo si ya mahakamani peke yake. Ni kanuni ya msomaji pia.

Chukua mfano wa mwaka 1993. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Likazuka zogo kubwa, Zanzibar ikajitoa mwaka huo huo, na wabunge 55 wakapeleka hoja ya kutaka serikali ya Tanganyika. Rais alikuwa Mzee Mwinyi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekwishaondoka madarakani, aliipinga hoja hiyo kwa nguvu, akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambamo aliukosoa vikali uongozi wa wakati huo.

Watu wamekisoma kitabu cha Mwalimu miaka yote hii na wakatoa hukumu. Mzee Mwinyi alikaa kimya karibu miaka 28 ndipo kikatoka kitabu chake. Aliyesoma cha Mwalimu peke yake amemsikiliza mmoja. Atakayesoma cha Mzee Mwinyi peke yake, kwa sababu tu ni Muislamu mwenzake, naye amemsikiliza mmoja. Wote wawili wamehukumu kabla ya wakati.

Hapa niseme wazi. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na Suratul Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Kumpenda Mzee Mwinyi kusikufanye usione kwamba Azimio la Zanzibar la 1991 liliwalegezea viongozi masharti ya kujilimbikizia mali. Na kutomridhia kusikufanye usahau foleni za sabuni na sukari ambazo rukhsa yake ilizipunguza. Yote mawili yalitokea.

LA TATU: Soma ukitafuta amana, si umaarufu.

Katika maisha ya mzee huyu kuna jambo moja ambalo kila kiongozi wa leo angelisoma mara tatu. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu katika msako wa wauaji. Baadhi wakateswa, wakafia mikononi mwa dola. Yeye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuna aliyemtuhumu kwamba alitesa kwa mkono wake. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Hiyo ndiyo maana ya hadithi tunayoisoma kila siku, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tunalisimulia tukio hilo kwa fahari, na ni haki. Ila nawaomba mzingatie upande wa pili. Waliokufa hawakuandika kitabu. Majina yao hatuyajui, wala wajane wao hawakufanyiwa uzinduzi ukumbini. Ukisoma kitabu cha kiongozi yeyote, jiulize: ni nani aliyekuwepo katika tukio hili na hana kalamu? Historia ikiandikwa na wenye vyeo peke yao, mnyonge anadhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza uhai wake, mara ya pili ushahidi wake.

LA NNE: Na sisi ushahidi wetu uko wapi?

Tunalalamika sana kwamba wazee wetu wamefutwa katika historia ya kudai uhuru. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini tazama nani alifanya kazi. Mohamed Said alikaa chini, akakusanya nyaraka na kauli za wazee, na mwaka 1998 kikatoka kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, kikaonyesha hali ya TAA kabla Nyerere hajawa rais wake 1953, na kabla ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi tena kuandika kana kwamba wazee wale hawakuwepo. Saida Yahya-Othman naye, pamoja na Issa Shivji na Ng'wanza Kamata, walitoa mwaka 2020 wasifu wa Mwalimu wa juzuu tatu. Hao ndio waliolijibu lalamiko kwa kalamu.

Sisi wengine tunajibu kwa nini? Kwa kipande cha video cha dakika moja, tumekipokea kwa mtu naye kakipokea kwa mtu, tunakisambaza. Umma uliofundisha dunia elimu ya isnadi, leo hauulizi "nani kakwambia?". Na Allah ametuonya katika Suratul Baqara aya ya 283 kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake unaingia dhambini. Mzee wako anayejua alichokiona, nawe una simu ya kurekodi mfukoni, halafu anazikwa bila kuulizwa neno, tafakari.

Rai yangu ni hii. Kila msikiti wenye rafu ya misahafu uongeze rafu ndogo ya vitabu vya historia ya nchi yetu, cha Mwinyi, cha Nyerere, cha Mkapa na vya waliowakosoa. Vijana wa madrasa wavisome viwili viwili, wavilinganishe. Na kila familia imrekodi mzee mmoja kabla ya Ramadhani ijayo.

Mzee Mwinyi amelala Mangapwani. Sifa zetu hazimuongezei wala matusi yetu hayampunguzii, kwani Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) ametukataza kuwatukana maiti, maana wameshayafikia waliyoyatanguliza. Anachokihitaji kwetu ni dua. Tunachokihitaji sisi kutoka kwake ni kumsoma kwa uadilifu.

Allah amrehemu, awarehemu waliodhulumiwa na hawakupata wa kuwasemea, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Aamiin.

Wallaahu a'lam.