Goma: kahawa ya Kivu isilaumiwe kwa kosa la maji

Mkaaji wa Goma anayejinunulia mashine ya espreso ya nyumbani huwa na hamu moja: kunywa kahawa ya Kivu jinsi inavyonywewa Ulaya. Kikombe cha kwanza kikitoka kichungu, lawama huiangukia kahawa. Husemwa kwamba ya hapa ni kali mno, sukari huongezwa, ama familia hurudia kahawa ya kopo iliyotoka ng'ambo. Hukumu hiyo si ya haki. Mara nyingi mkosaji ni maji.

Espreso huhitaji maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi. Yakizidi hapo, kahawa huungua na kuacha uchungu mkavu ulimini. Yakipungua, hutoka chachu na nyepesi. Nyuzi chache tu zinatosha kuharibu kazi yote.

Mashine nyingi za nyumbani zenye uwezo wa kutoa kahawa na mvuke wa maziwa kwa wakati mmoja zina tangi moja la kuchemshia. Ndani ya tangi hilo mna joto linalopita nyuzi 115, kwa ajili ya mvuke. Maji ya kahawa hayatoki humo. Hupita katika bomba jembamba lililozamishwa ndani ya tangi, yakapata joto njiani. Mashine ikitumika mfululizo, mpango huo hufanya kazi vizuri. Ikikaa dakika ishirini bila kuguswa, maji yaliyolala katika bomba hupata joto karibu sawa na la tangi. Ndiyo hayo yanayounguza kahawa.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuweka kahawa, mtu afungue maji yatoke bure. Mwanzoni yatatoka kwa kelele na mvuke, kama mafuta kwenye kikaango. Kelele ikikoma na maji yakatiririka kwa utulivu, joto limeshuka.

Hapa ndipo mtu wa Goma anapaswa kutumia akili yake mwenyewe. Ushauri mwingi umetoka kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Huwaambia watu waendelee kumwaga kwa sekunde kadhaa baada ya kelele kwisha. Lakini Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na maji yake huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kelele inapokoma hapa, maji tayari yamekaribia joto linalotakiwa. Anayefuata sekunde za wageni hupoza maji kupita kiasi, na tena humwaga maji bure katika mji ambao wengi huyabeba kwa bidoni. Afadhali ayapokee kikombeni ili kikombe kipate moto, kisha ulimi wake uamue: kahawa ikiwa chungu, amwage zaidi kidogo kesho, ikiwa chachu, apunguze.

Umeme nao una mtego wake. Ukikatika na kurudi, mshale wa presha hupanda baada ya dakika chache, na mwenye haraka hudhani mashine iko tayari. Chuma kizito cha kichwa cha mashine bado ni baridi. Kingojewe nusu saa.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu nyuzi ni anasa katika jimbo lenye vita na wakimbizi. Ni kweli mashine hizi ni za wachache. Lakini heshima ya kahawa si jambo la wachache. Katika miaka ya vita, wakulima wa pande za Minova na Idjwi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kuelekea Rwanda ili wapate chochote cha kulisha watoto, na wengine walizama ziwani. Leo arabika ya Kivu inasifiwa na wanunuzi wa mbali, kwa sababu mikono ya hapa huchuma tunda jekundu moja moja, ikaliosha na kulianika. Ni aibu kazi ya miezi iharibiwe kwa sekunde thelathini katika mji ulio jirani na mashamba hayo.

Hata mwenye sufuria na jiko la makala anahusika. Maji yanayochemka Goma yako tayari kwa kahawa. Hakuna haja ya kungoja yapoe. Ayamimine mara moja juu ya kahawa iliyosagwa, aiache dakika nne, aichuje. Asiirudishe motoni ichemke tena na tena.

Kahawa ikitengenezwa hivyo, ionjwe kwanza bila sukari. Hapo ndipo mtu wa Goma anaweza kusema kama kahawa ya Kivu ni nzuri au mbaya.