Amitriptilini si dawa ya wazimu

Jirani yangu hapa Mogogosiek huchuna majani chai, na ana ugonjwa wa sukari. Usiku nyayo zake huwaka kama amekanyaga makaa. Daktari alimpa amitriptilini, miligramu 10 kila jioni. Shangazi yake alipoisikia dawa hiyo akamwambia, “Hizo ni za vichaa. Amekuona huna akili timamu.” Vidonge vikaishia chooni, na moto ukabaki miguuni.

Imani hii inatesa watu bure, nami naipinga waziwazi.

Ni kweli amitriptilini ilianza kama dawa ya mfadhaiko, na anayeimeza kwa ajili hiyo hana aibu yoyote. Lakini dozi ya maumivu ya neva huanzia chini, miligramu 10 hadi 25, na kazi yake kubwa iko kwenye uti wa mgongo.

Neva za maumivu kutoka miguuni hufika huko na kumwaga kemikali, kama glutameti, zinazopeleka habari ubongoni. Ubongo nao haukai kimya. Kutoka kwenye shina lake huteremka nyuzi zinazomwaga serotonini na noradrenalini palepale. Serotonini inaponasa kwenye vipokezi vya aina ya 1B na 1D katika ncha za neva hizo, milango ya kalsiamu hufungwa, na kemikali inayomwagwa hupungua. Kipokezi cha aina ya 3 hufanya kinyume: huchochea maumivu. Kwa hiyo anayeiita serotonini “homoni ya furaha” hajaijua. Takriban asilimia 90 yake iko tumboni. Sumatriptani, dawa ya kipandauso iliyoingia sokoni mwaka 1991, hulenga vipokezi hivyohivyo vya 1B na 1D. Mbona hakuna anayeiita ya vichaa?

Amitriptilini huzuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe upesi katika nyuzi zilizozimwaga, na breki ya maumivu hupata nguvu. Haimfai kila mtu: hukausha mdomo, huleta usingizi, na mwenye ugonjwa wa moyo lazima amweleze daktari mapema.

Madaktari, semeni mnatoa dawa hii kwa nini. Dakika mbili zinatosha. Nasi majirani tuuzuie ulimi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na moto wa nyayo anaujua asiyelala.