Karo Langoni, Kodi Dukani: Nani Augharamie Usomi?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kodi ndiyo haba, na hazina ya taifa ndiyo kibaba. Kila mwananchi hutia chembe yake kwa matumaini kwamba siku ya haja itakapofika, kibaba kitapakuliwa kwa manufaa ya wote. Swali ambalo limeikabili Kenya kwa zaidi ya miaka thelathini ni hili: je, chuo kikuu cha umma ni miongoni mwa haja hizo, au ni bidhaa ambayo kila mzazi sharti amnunulie mwanawe?

Mtazame mama muuza mboga katika soko lolote la nchi hii. Jina lake halimo katika orodha ya waajiriwa wanaokatwa kodi ya mapato kila mwisho wa mwezi, na wapo wanaoifanya hiyo kuwa hoja ya kusema kwamba halipi kodi. Hata hivyo, anaponunua sabuni au mafuta ya kupikia, hutozwa ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16. Anapoweka muda wa maongezi katika simu yake, hutozwa. Mwaka wa 2023, ushuru huo ulipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16 kwenye petroli na dizeli, aliyeubeba mzigo mwishowe hakuwa mwenye matatu bali abiria, naye mama huyu alikuwa abiria. Kwa hivyo yeye ni mlipa kodi kamili. Lakini mwanawe anapofaulu mtihani na kuitwa chuoni, huambiwa kwamba kibaba alichokuwa akikijaza hakitoshi, alete tena.

Mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, serikali iliigharamia elimu ya chuo kikuu kwa sababu taifa lilihitaji walimu, madaktari na watawala. Mwaka wa 1974 mikopo ilianzishwa kwa ajili ya matumizi ya mwanafunzi, lakini masomo yenyewe yakaendelea kulipiwa na umma. Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka wa 1991, wakati wa masharti ya Benki ya Dunia ya kupunguza matumizi ya serikali, ambapo sera ya kugawana gharama ilipiga hodi vyuoni. Mwaka wa 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia kikamilifu, na vyuo vingine vikafuata mkondo huo.

Kwa takriban miaka kumi na minane, karo za wanafunzi hao zilikuwa gongo la kuegemea. Vyuo vilifungua mabewa mijini na hata katika majengo ya biashara, huku serikali ikiona hakuna haja ya kuongeza mgao wake. Kisha gongo likavunjika. Udanganyifu ulipodhibitiwa katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka wa 2016, waliopata alama ya C+ na zaidi walishuka hadi 88,929, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 160,000. Wote hao wangeweza kupata nafasi chini ya udhamini wa serikali. Wa kujilipia wakaadimika, na vyuo vikabaki na majengo, wafanyakazi na madeni.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo mpya uliotangazwa mwaka wa 2023. Mfumo huo uliacha kuvipa vyuo fedha kwa jumla, ukaanza kumpima mwanafunzi mmoja mmoja kwa kipimo cha mapato ya familia yake. Mwaka wa 2024 wanafunzi waligawanywa katika makundi matano. Wa kundi la kwanza, ambao familia zao hupata si zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi, waliwekewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25 na mchango wa familia wa asilimia 5. Wa kundi la tano, ambao familia zao hupata zaidi ya shilingi 120,000, waliwekewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30 na mchango wa asilimia 40. Malalamiko ya waliopangwa makundi yasiyowafaa yalitanda nchini, na mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauharamisha mfumo huo kwa misingi ya Katiba. Serikali ilikata rufani.

Watetezi wa mfumo huu husema kwamba unamtaka mwenye nacho alipe zaidi. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini na ipimwe kwa hesabu. Chukulia kozi ambayo gharama yake ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza yenye shilingi 5,995 kwa mwezi itadaiwa shilingi 15,000, yaani mapato yote ya miezi miwili na nusu, bila kula wala kuvaa. Familia yenye shilingi 121,000 itadaiwa shilingi 120,000, karibu mapato ya mwezi mzima. Na tajiri apataye shilingi 1,210,000 je? Naye yumo katika kundi la tano. Atadaiwa shilingi 120,000 zile zile, na kwake hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya mapato ya mwezi. Kadiri mtu anavyopanda ngazi ya utajiri ndivyo mzigo unavyomwia mwepesi. Kamba, kama ilivyo desturi yake, imekatikia pembamba.

Isitoshe, mtoto wa maskini katika mfano huu hukopeshwa shilingi 75,000 kila mwaka. Baada ya miaka minne huondoka chuoni na shahada mkono mmoja na deni la shilingi 300,000 mkono wa pili, kabla ya riba. Mwana wa tajiri, ambaye babake aweza kulipa bila mkopo, huondoka na shahada tupu. Wawili hawa watakutana katika foleni moja ya kutafuta kazi, na huko mwajiri aweza kuwataka wote wawili cheti cha HELB.

Lugha nayo imechangia kuuficha ukweli huu. Fedha ambazo umma humtolea mwanafunzi huitwa ufadhili, neno lililochipuka katika fadhila. Fadhila ni hisani. Anayetendewa hupaswa kushukuru, wala hana idhini ya kudai. Vivyo hivyo, anachotozwa mzazi huitwa mchango, kana kwamba ana hiari ya kuutoa au kuuzuia. Kumbe mama muuza mboga hakufadhiliwa na yeyote, alilipa kabla. Na anachotakiwa kukileta langoni si mchango bali ni kodi ya pili, ambayo hutozwa yule tu aliyejaliwa mtoto mwenye bidii.

Asipokuwa nayo, huita harambee. Majirani hukusanyika uwanjani, huyu akitoa mia mbili, yule akitoa jogoo wa kupigwa mnada. Utu huo ni wa kusifiwa, lakini na utazamwe kwa jicho la pili. Harambee ya karo ni kodi isiyo na sheria, ambayo maskini humtoza maskini mwenziwe. Anayeishi katika mtaa wa mabwanyenye haifikiwi na kadi ya mwaliko. Taifa linapokataa kuigharamia elimu kwa kodi, gharama haitoweki. Huhama kutoka kwa wenye uwezo hadi kwa wenye huruma.

Mgala muue na haki yake mpe. Zipo hoja nzito za upande wa pili. Ya kwanza ni ile iulizayo kwa nini mvuvi ambaye hakupata kuingia darasani amlipie mwana wa wakili. Jibu ni kwamba hapaswi kumlipia, na ndiyo maana kodi ya mapato ikabuniwa kupanda kwa ngazi. Tangu mwaka wa 2023 ngazi hiyo ilifikishwa hadi asilimia 35 kwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi. Wakili huyo akitozwa ipasavyo, atakuwa amemlipia mwanawe na wa mvuvi pia. Mhitimu atakayefanikiwa naye atalirudishia taifa kwa njia iyo hiyo maisha yake yote, na asiyefanikiwa hatadaiwa asichokuwa nacho. Kipimo cha haki cha uwezo wa mtu tayari kipo. Hapana haja ya kuweka kingine kibovu kwenye lango la chuo.

Hoja ya pili ni ya ubadhirifu. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa saba kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012, na kufikia mwaka wa 2013 vilikuwa 22. Vingine vilizaliwa kwa shinikizo la siasa kuliko haja ya elimu. Ni kweli kwamba kumwaga maji katika mtungi uliotoboka ni kazi bure. Lakini dawa ya mtungi uliotoboka ni kuuziba kwa ukaguzi na uwajibikaji, si kumwambia mwenye kiu achimbe kisima chake. Isitoshe, ubahili nao una gharama. Mwaka wa 2025 wahadhiri waligoma kwa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Siku hizo hakuna awezaye kuwarudishia wanafunzi.

Je, fedha zitatoka wapi? Barani Afrika wapo waliokwisha kujibu. Ghana iliunda hazina ya elimu mwaka wa 2000 na kuitengea sehemu ya ushuru wa thamani ya ziada. Nijeria ilianza mwaka wa 1993 kuzitoza kampuni asilimia 2 ya faida kwa ajili ya elimu. Kenya yenyewe ina ada ya mafunzo ya kiviwanda, ambayo kwa miaka mingi mwajiri ameilipa kwa kiwango cha shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, bei ya vikombe vichache vya chai. Kampuni zinazowaajiri wahitimu huvuna zisikopanda. Ada hiyo ipandishwe kulingana na faida na sehemu yake ielekezwe vyuoni. Misamaha ya kodi isiyo na tija ifutwe. Na mkopo, pale utakapobaki, ulipwe kwa kadiri ya mshahara.

Hapana budi kuongeza neno moja. Mnamo tarehe 25 Juni 2024 vijana, wengi wao wa umri wa kuwa chuoni, waliingia hadi ndani ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 346. Damu ilimwagika, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Wapo waliohitimisha kwamba Wakenya hawapendi kodi. Huenda ukweli ni mwingine. Mtu huchoka kujaza kibaba ambacho hajapata kuona kikipakuliwa. Mpe mama muuza mboga mwana aliyesoma bila harambee na bila deni, kisha umwombe kodi, uone kama atakataa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bunge linapoketi kuujadili Mswada wa Fedha, lijue kuwa linajadili pia darasa, maabara na maktaba. Mjadala wa kodi na mjadala wa karo ni mjadala mmoja, na atakayeutenganisha atakuwa amemtoza maskini mara mbili.